Kidhibiti mwendo, kengele au GPS: kipi ufunge kwenye gari, na kila kimoja kinakuchukulia nini

"Dada, ukinifungia hicho kidude, siku nitakayokuwa katikati ya kuovateki lori nitakufa mimi na abiria wako."

Dereva wangu aliniambia hivyo tukiwa gereji, Msamvu, Morogoro, macho yake kwenye boksi dogo jeusi ambalo fundi alikuwa ameliweka juu ya siti. Nina Coaster moja ya kukodisha, inabeba watu wa harusi, misiba na kwaya. Nina pia gari dogo la nyumbani, ambalo siku hizi mwanangu analiendesha kuliko mimi. Nilifika pale nimeshaamua: nifunge kidhibiti mwendo kwenye yote mawili, nikalale usingizi. Niliondoka bila kufunga chochote. Kaka yule amenizidi umri na amenizidi barabara kwa miaka mingi, na hoja yake ilistahili kupimwa kabla ya kupuuzwa.

Haya ndiyo niliyoyapima. Nayaandika kwa mtu aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama, mwenye gari, mwenye hofu, na mwenye dereva au mtoto ambaye hataki kufungwa kamba.

Kwanza tutenganishe vitu, maana mtaani jina "kidhibiti" linabebeshwa mizigo mingi. Kipo kifaa kinachopiga kelele tu ukizidisha. Kipo kinachokata mafuta ili gari lisizidi. Kipo kinachorekodi mwendo na kumpelekea mtu mwingine. Kipo kinachosoma vibao vya barabarani na kukukumbusha. Na kuna kitufe kwenye usukani ambacho dereva anajiwekea kikomo mwenyewe. Vyote vinauzwa kwa neno usalama, lakini kila kimoja kinachukua kipande tofauti cha uhuru wa dereva.

Kengele

Waliopanda Corolla za zamani wanaikumbuka: mshale ukifika 100, kengele ndogo ndani ya dashibodi inaanza kulia na hainyamazi mpaka upunguze. Japani iliyalazimisha magari yake kuwa nayo hadi 1986, na yalipofika kwetu yalikuja nayo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ghuba yana ndugu yake, inayolia ukifika 120.

Kengele haikunyimi kitu. Mguu ni wako, safari ni yako, hakuna anayejua ulikuwa wapi. Tatizo lake ni sikio. Baada ya wiki mbili sikio linaizoea kama linavyozoea jogoo wa jirani, na ndani ya Coaster yenye kwaya inayoimba haisikiki kabisa. Kwa mtu anayeendesha peke yake na mwenye nia ya kujirekebisha, inatosha. Kwa mtu anayelipwa ili awahi, haitoshi.

Kidhibiti kinachokata mafuta

Hiki ndicho wengi wanachokiogopa. Kinavyofanya kazi si siri. Sensa kwenye gia boksi, au GPS, inakiambia gari linakwenda kasi gani. Likifika namba iliyowekwa, kwenye injini za dizeli za zamani vali inabana mafuta yanayoingia kwenye pampu. Kwenye gari jipya ambalo pedeli inatuma ishara ya umeme, kifaa kinapunguza ile ishara. Unakanyaga, gari halisikii.

Kenya walikilazimisha kwenye matatu na mabasi kwa kanuni zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kusimamiwa Februari 2004, wakati John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi. Kikomo kilikuwa kilometa 80 kwa saa, pamoja na mikanda ya viti na idadi maalumu ya abiria, na hadi leo watu wanaziita Sheria za Michuki. Rwanda walikwenda mbali zaidi: amri ya Rais ya mwaka 2015 iliweka 60 kwa magari ya abiria. Sisi Tanzania, sheria ya usalama barabarani inataka gari la abiria au la biashara lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 lisizidi 80 popote, na gari lolote lisizidi 50 kwenye makazi.

Sasa turudi kwa kaka na lori lake. Nilichukua kalamu.

Semi trela ina urefu wa mita kama 18, Coaster mita 7. Weka mita 25 za nafasi kabla ya kutoka na mita 25 kabla ya kurudi upande wako, jumla mita 75 ambazo lazima uzile huku lori nalo linatembea. Lori likiwa 70 na wewe umefungiwa 80, unalizidi kwa mita chini ya 3 kila sekunde. Utakaa upande wa watu wengine sekunde 27. Katika sekunde hizo Coaster inatembea mita 600, na gari linalokuja mbele kwa 100 linatembea mita 750. Unahitaji barabara nyeupe ya karibu kilometa moja na nusu. Ukiwa huru kufika 100, kazi hiyo hiyo inakwisha kwa sekunde 9, na unahitaji mita 500.

Kwa hiyo kwenye hesabu kaka alikuwa sahihi, na mtu yeyote anayemwambia dereva kwamba kidhibiti hakibadilishi chochote kwenye kuovateki anamdanganya. Kati ya Chalinze na Morogoro, barabara ya njia moja kwenda na moja kurudi, kilometa moja na nusu nyeupe huipati kirahisi mchana.

Ambapo sikukubaliana naye ni kwenye hitimisho. Coaster kisheria haikuwa na ruhusa ya kufika 100 hata kabla ya kidude. Uhuru aliokuwa anaulilia hakuwa nao, alikuwa anauiba na kubahatisha kukwepa tochi ya trafiki inayopima mwendo. Na lori linalokwenda 70 halina haja ya kupitwa na gari la 80. Ukilifuata nyuma kilometa 50 nzima, unachelewa dakika 5 tu kuliko ambavyo ungekwenda 80 muda wote. Lori la kupita ni lile linalopanda mlima kwa 30.

Hatari halisi iko kwenye wiki za mwanzo. Mwili wa dereva umezoea gari linalochomoka. Anatoka kupita kwa mazoea ya zamani, katikati ya njia gari linagoma, ndipo anapogundua. Kwa hiyo ukifunga kidhibiti, mwache dereva alizoee gari siku kadhaa bila abiria, kwenye barabara anayoijua. Hakuna fundi aliyeniambia hili. Nililipata kwa kaka mwenyewe, baada ya hasira kupoa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo muuzaji hatakuambia. La kwanza, kifaa hiki hakina breki. Kinabana mafuta tu. Ukishuka Kitonga kule Iringa ukiwa na mzigo, gari litavuka 80 bila tone la mafuta, kwa uzito wake lenyewe, na kifaa kitakuwa kimya. Mteremko unashikwa kwa gia ndogo. Dereva anayeamini kwamba "gari limefungwa" na kuweka nyutro kwenye mteremko ni hatari kuliko yule asiye na kifaa.

La pili ni kubwa zaidi kwangu. Kifaa kinajua namba moja tu. Kimefungwa 80, basi kitakuruhusu 80 mbele ya shule ya msingi, 80 kwenye kibao cha 50, 80 ndani ya Hifadhi ya Mikumi tembo wakivuka. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inapanda mara 4.5 mwendo ukitoka 50 kwenda 65 tu. Watu wetu wanagongwa pembeni ya vijiji, wakivuka kwenda kisimani au dukani. Pale kidhibiti hakina msaada.

Halafu kuna kuchakachua. Pale gereji fundi aliinua kapeti la mpira chini ya siti ya dereva wa Hiace iliyokuwa pembeni. Kulikuwa na waya mbili, nyekundu na nyeusi, zimeungwa kwa tepu iliyoanza kubanduka, zikiishia kwenye swichi ndogo kama ile ya taa ya kitandani. "Hii ikiwa juu, kifaa kinaamini gari limesimama," alisema. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Tiki. Mwenye gari alikuwa amelipia kifaa, cheti na ukaguzi, na dereva alikuwa amelipia swichi.

Hata hivyo kidhibiti kina heshima moja ambayo sikuitarajia: hakimsemi mtu. Kinazuia, basi. Hakijui dereva alilala wapi, hakijui alisimama kwa nani. Kumbuka hilo tunapokwenda kwenye GPS.

GPS inayotoa taarifa

Mabasi yetu ya mikoani hayana uchaguzi hapa. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, inataka yawe na mfumo wa kufuatilia mwenendo, ule tunaouita VTS. Dereva anajitambulisha kwa kitufe chake maalumu kabla ya kuondoka, ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Akizidisha mwendo, kifaa kinapiga kelele mbele yake na taarifa inafika kwenye kituo. Mfumo huu ni sehemu ya yaliyowezesha mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku kucha mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya zuio. Unasaidia pia kujua dereva ameendesha saa ngapi, jambo ambalo kidhibiti cha mafuta hakiwezi, na uchovu unaua sawa na mwendo.

Faida yake kubwa ni kwamba mguu unabaki huru. Dereva akihitaji kukanyaga ili atoke mbele ya hatari, gari linaitika, na maelezo atayatoa baadaye. Kwa hoja ya kuovateki, GPS ndiyo jibu la kaka.

Nikafunga ya kampuni moja kwenye Coaster. Siku ya tatu nikawa mtu nisiyempenda.

Gari lilikuwa limetoka kushusha watu wa msiba Kilosa. Kwenye simu yangu nukta ndogo ya kijani ilisimama. Dakika 10. Dakika 20. Nikaikuza ramani kwa vidole: karibu na hospitali. Dakika 40. Nikapiga simu kwa sauti ya bosi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, gari ni lako. Niliyoyafuata hapa si yako." Gari lilikuwa tupu, kazi ilikuwa imekwisha, na hakuwa amezidisha mwendo hata mara moja siku ile. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kupima mwendo, nikapata dirisha la kuchungulia ugonjwa wa mtu.

Ndiyo maana nasema, mjadala wa uhuru wa madereva kwetu umeelekezwa pasipo. Tunabishana sana kuhusu kifaa kinachoushika mguu kwenye namba moja, na tunakifunga bila swali kifaa kinachoandika kila kituo, kila saa, kila nyumba. Cha kwanza kinakuchukulia kilometa 20 za juu. Cha pili kinaweza kuchukua maisha yako nje ya gari.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisihifadhiwe kupita haja. Wakenya wana yao ya mwaka 2019. Lakini muuzaji wa GPS hakunitajia hata moja, na mimi sikumwonyesha dereva chochote cha kusaini.

Jambo jingine la kuuliza kabla ya kulipa: vifaa vingi vinakuja na uwezo wa kuzima injini kwa ujumbe wa simu, kwa ajili ya wizi. Gari likizimwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza nguvu ya kusaidiwa baada ya kukanyagwa mara chache. Mwambie fundi asiunganishe waya huo, au akuhakikishie kwa kukuonyesha kwamba unafanya kazi gari likiwa limesimama tu. Usikubali maneno. Mwambie alijaribu mbele yako.

Gari linalosoma vibao

Huku Ulaya ndiko wamekwenda. Tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika Umoja wa Ulaya lazima liwe na mfumo unaojua kikomo cha barabara, kwa kamera inayosoma vibao na ramani ya kidijitali, na unaomwonya dereva akizidisha. Mtengenezaji anachagua namna: sauti, mtetemo, pedeli inayosukuma mguu kurudi juu, au gari kupunguza lenyewe. Dereva akikanyaga kwa nguvu, anashinda yeye. Anaweza kuuzima pia, ila ukiwasha gari safari nyingine unarudi.

Kwa fikra, huu ndio bora kuliko vyote, kwa sababu unaona tofauti kati ya kijiji na pori, kitu ambacho kidhibiti cha 80 hakikioni. Na hauhitaji kumpelekea mtu taarifa zako ili ufanye kazi.

Kwa barabara zetu bado. Kibao cha 50 kimegongwa kimelala, kingine kimefunikwa na mbuyu, kingine kimeng'olewa kikauzwa chuma chakavu. Unaingia kwenye 50 na hukuti kibao cha kukutoa. Kamera itasoma nini? Na magari mengi tunayonunua ni ya mitumba kutoka Japani, ambayo hayana mfumo huu. Ukinunua gari jipya lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya utaukuta. Usiuzime siku ya kwanza kwa sababu unakera. Upe mwezi.

Kitufe cha usukani

Kwenye magari mengi ya Ulaya kuna kitufe kilichoandikwa LIM. Unaweka 80, gari halizidi, ukikanyaga mpaka mwisho linaachia. Watu wanakichanganya na kile kinachoshikilia mwendo wenyewe bila mguu. Hicho kingine kinalisukuma gari. Hiki kinalizuia tu. Ukiwa nacho hukihitaji kingine chochote kwenye gari lako binafsi. Namba unachagua wewe, kwa barabara ile, siku ile.

Uhuru wa nani?

Ubishi huu ni mzee. Mwaka 1923 mjini Cincinnati, Marekani, watu zaidi ya 42,000 walitia saini kutaka kila gari mjini lifungwe kifaa lisizidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilometa 40, kwa sababu watoto walikuwa wanagongwa. Wauza magari wakapiga kampeni kubwa, na kura ikashindwa. Ingepita, miji ya dunia ingekuwa na sura nyingine.

Kuna anayesema hataki mwendo wa gari lake uwekewe dari. Lakini gari dogo lililotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida limefungwa 180 kiwandani, ndiyo maana mshale wake unaishia hapo. Dari unayo tayari. Iko juu mno ndiyo maana hujawahi kuigusa. Swali ni iwe wapi, na aiweke nani.

Mimi naligawa hivi. Anayeendesha peke yake anabeba hatari yake na ya wale walio barabarani, na sheria na tochi vipo kwa ajili hiyo. Faini ya 30,000 inamhusu mwenyewe. Anayebeba abiria 28 anabeba watu wasio na pedeli. Bibi aliyekaa siti ya nyuma akienda kumzika dada yake hana breki, hana usukani, na akipiga kelele "dereva, punguza!" anaweza kuambiwa ashuke. Uhuru wake wa kufika ni mkubwa kuliko uhuru wa dereva wa kufika mapema. Kwa gari dogo kwenye lami kavu, breki zikiwa nzima na dereva akishtuka ndani ya sekunde moja, kutoka 80 unahitaji mita kama 57 kusimama. Kutoka 100 unahitaji kama 83. Katika zile mita 26 za ziada, bibi hana la kuamua.

Nilichofunga

Kwenye Coaster nimefunga kidhibiti kwenye 80, kikiwa na sili ambayo naikagua mwenyewe kila mwisho wa mwezi kwa kuinua kapeti, na kengele inayolia ikifika 75. Ukiwa na gari la abiria na pesa ya kifaa kimoja tu, chagua kidhibiti. Ukiwa na basi la mikoani, VTS si hiari, lakini naomba usiifanye kuwa mbadala wa dari: taarifa inafika baada ya mwendo kuzidishwa.

GPS sikuitoa. Tuliifungia kanuni. Naifungua gari likiwa na wateja tu, na yeye anaona kwenye simu yake kile kile ninachokiona mimi. Safari zilizopita zinafutwa baada ya siku 30.

Gari dogo sikulifunga kidhibiti wala GPS. Mwanangu ana miaka 22, na mtu mzima anayefuatiliwa na mama yake kwenye ramani atajifunza kuacha simu nyumbani, si kupunguza mwendo. Tuliweka kengele. Mimi nilitaka 80, yeye 100. Iko kwenye 90, na namba hiyo aliiweka kwa mkono wake.

Makubaliano ya Coaster tuliyaandika kwenye karatasi ya daftari, vipengele vitatu. Kaka akasoma polepole, akaomba kalamu, akaongeza cha nne kwa mwandiko wake: nikipiga simu gari likiwa linatembea, hatapokea, na sitamuuliza kwa nini. Nikasaini.